Raba za vioo kwenye gari ya spoti ya zamani: mluzi, maji na kioo kizito vinatoka wapi

Ukiskia upepo unapiga mluzi pembeni ya sikio, kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni raba ya mlango, ile kubwa, na wengi wanaiagiza hapohapo, wanahangaika siku nzima kuifunga, wanatoka barabarani na mluzi uko palepale. Nimeona hii mara nyingi na inaniuma kwa sababu raba za gari za zamani hazipatikani kirahisi, ukikosea umepoteza hela na muda, na saa nyingine umeua raba mpya kabisa kwa kuifungia kioo kilichokaa vibaya. Msimamo wangu mi ni huu: kioo kwanza, raba baadae. Raba haiwezi kunyoosha kioo kilichopinda, kazi yake ni kuziba kale kanafasi kadogo kanakobaki mlango na kioo vikishakaa sawa.

Tuelewane majina kwanza maana kila fundi ana lake. Kwenye mlango wa gari ya milango miwili kuna raba kama tano hivi zinazogusa kioo au zinazokaa jirani nacho. Kuna raba ya kiuno ya nje, ule mstari mweusi pale kioo kinapozama kwenye mlango, na mwenzake wa ndani aliyebanwa kwenye paneli, hizi mbili zinakishika kioo katikati kama vidole viwili. Kuna raba ya reli, ina umbo la U na manyoya laini ndani, kioo kinateleza humo mbele na nyuma. Kuna raba kubwa ya mlango yenye tumbo la sponji, inayominywa na bodi mlango ukifungwa. Halafu kwenye gari ambazo kioo hakina fremu kuna raba ya juu inayokaa kwenye bodi yenyewe, inaanzia nguzo ya mbele, inapita juu ya mlango na kushuka nyuma ya kioo. RX-7 ya FD na Supra ya A80 (matoleo ya miaka ya 90), MX-5, zote ziko hivyo, kioo kinasimama peke yake. Porsche 911 zilibaki na fremu mpaka 993, toleo la miaka ya 90, fremu ikaondoka kwenye 996, toleo lililofuata. Hii tofauti ni kubwa sana kwenye utatuzi, kwa sababu kioo chenye fremu kinashikiliwa pande tatu, kisicho na fremu kinategemea boliti chache zilizojificha ndani ya mlango, zikilegea milimita moja kule chini, ncha ya juu ya kioo imehama milimita kadhaa.

Anza na bawaba

Fungua mlango nusu, shika ukingo wake wa nyuma kwa chini, unyanyue. Ukicheza juu chini, hata kidogo, hapo tatizo la kwanza sio raba, ni pini na bushi za bawaba. Milango ya spoti za milango miwili ni mirefu na mizito, ikikaa miaka thelathini inaning'inia kwa nyuma, na mlango ukining'inia kioo nacho kinainama, kona ya juu nyuma inaachia raba. Utabadilisha raba mpaka uchoke. Tengeneza bawaba, halafu angalia kile chuma cha kwenye bodi kinachodakwa na kitasa, kama mlango ukifungwa umejitokeza nje kuliko bodi ya nyuma yake basi sogeza kile chuma kwa ndani kidogo kidogo. Kizungushie alama ya peni kabla hujalegeza ili ujue kilikuwa wapi, usije ukapotea njia.

Baada ya hapo ndo unachukua karatasi. Kata vipande vyembamba, fungia mlango na karatasi imelala juu ya raba, vuta. Inatakiwa ivutike kwa ubishi. Ikitoka yenyewe hapo hakuna mgandamizo, ikikatika hapo pamebanwa kupita kiasi. Zunguka mlango mzima, kila baada ya sentimita kumi hivi, na juu ya kioo pia kama hakina fremu. Andika kwa chaki kwenye bodi pale palipolegea. Ramani hiyo itakwambia mengi: pakilegea upande mmoja tu, kwa mfano nyuma yote, huo ni mlango au kioo kilichoinama, pakilegea huku na huku bila mpangilio basi raba yenyewe imekufa, imelala na hairudi. Usiku kuna kipimo kingine kirahisi, mtu akae ndani na tochi aizungushe kwenye raba we ukiwa nje, mwanga ukipenya na upepo unapenya, na maji pia.

Mluzi unaoanza ukishika kasi

Gari imesimama kila kitu kinaonekana kimeziba, karatasi inabana vizuri, afu ukifika 80 au 90 kwa saa mluzi unaanza, ukizidisha unakuwa ngurumo. Kinachotokea ni kwamba upepo unaopita kwa kasi nje ya kioo unapunguza mgandamizo wa hewa upande wa nje, hewa ya ndani inakisukuma kioo kitoke. Kioo kisicho na fremu kinavutika kweli, ukimweka mtu kiti cha abiria akaangalia vizuri ile kona ya juu nyuma ataona inaachana na raba. Mwambie (abiria, sio wewe unayeendesha) asukume kioo kwa kiganja kwenda nje kidogo halafu akivute kirudi ndani akishika ukingo wa juu kwa vidole. Sauti ikibadilika anapokivuta, tatizo ni mlalo wa kioo, kinahitaji kuegemezwa ndani zaidi kwa boliti za chini. Raba iache.

Kama kioo hakichezi, tumia tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi ambayo haiharibu rangi. Ziba mstari wote wa nje: kiuno, juu ya kioo, nyuma, mbele, na kuzunguka kitako cha sai mirror. Endesha. Mluzi ukiwa umekufa, bandua tepu sehemu moja moja na urudie barabara ileile kwa kasi ileile mpaka mluzi urudi, hapo ulipobandua mwisho ndo penyewe. Inachosha, ndio, lakini inamaliza ubishi wote. Na usishangae ikawa kile kipembetatu cha sai mirror pale mbele, raba yake ya chini ni nyembamba, inakauka na kukatika mapema na hakuna anayeifikiria, sauti yake inasikika kabisa kama inatoka juu ya kioo kwa sababu sauti ndani ya gari inagonga kioo na kurudi. Kama tepu yote imefungwa na mluzi bado upo basi toka mlangoni, nenda kaangalie raba ya kioo cha mbele, antena, na raba ya paa kama ni la kufunguka.

Kwa gari zenye paa la vipande viwili, zile za mtindo wa T ambao Corvette ya 1968 ilikuwa nao, au paa la targa (kipande kimoja cha juu kinachotoka), au turubai, kona ile ambapo raba ya paa, raba ya nguzo na kioo vinakutana ndo pabaya kuliko pote. Raba tatu zinakutana sehemu moja na kila moja imesinyaa kwa urefu wake. Raba ikizeeka inafupika, hili watu wengi hawalijui, na ikifupika inakimbia kona. Ukiona pengo la milimita tatu au nne kwenye kona hizo, hakuna kurekebisha kioo kutakakosaidia, raba inatakiwa itoke.

Maji kwenye kapeti

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo watu wanadanganyika sana na hapa ndo gari zinaoza.

Raba ya kiuno ya nje haizuii maji yote, haikutengenezwa izuie yote. Mvua ikinyesha maji yanashuka na kioo, mengi yanafagiliwa nje, mengine yanaingia ndani ya mlango, hiyo ni kawaida kabisa kwa gari mpya na ya zamani. Yakishaingia yanashuka chini ndani ya mlango na kutoka kwenye matundu ya chini. Na kati ya chuma cha mlango na paneli ya ndani kuna nailoni, imebandikwa kwa gundi nyeusi inayonata, kazi yake ni kuyarudisha maji upande wa mlango yasiingie kwenye paneli. Kwa hiyo ukiona kapeti imelowa pale miguuni au karibu na kizingiti, kuna vitu vitatu vya kuuliza kabla ya raba: matundu yako wazi? nailoni ipo na imeshika? na maji yenyewe yanatokea mlangoni kweli?

Gari moja niliyokuwa nayo ilikuwa inalowa upande wa dereva kila mvua. Nikabadilisha raba kubwa ya mlango, ikaendelea. Nikabadilisha raba ya kiuno, ikapungua ila haikuisha. Kuja kufungua paneli nakuta aliyefunga spika kabla yangu alikata nailoni kipande kikubwa kama sahani ili apitishe waya na hakuirudisha, maji yanashuka kwenye kioo, yanaingia mlangoni, yanadondokea nyuma ya spika na kutiririka kwenye paneli mpaka kapeti. Nailoni mpya na mkanda wa butili (raba laini inayonata), nusu siku, kukavu mpaka leo. Hizo raba mbili nilizonunua hazikuwa na makosa, mi nilianza mwisho badala ya mwanzo.

Matundu: fungua na ufunge mlango taratibu baada ya mvua, ukiskia maji yanacheza ndani kama dumu, matundu yameziba. Yako chini kabisa ya ukingo wa mlango, mawili au matatu, yanazibwa na majani, vumbi lililoganda, vipande vya raba iliyokatika, au dawa ya kuzuia kutu iliyopakwa ovyo. Tumia kijiti cha plastiki au waya laini uliofungiwa kitambaa, usikwangue kwa chuma, utatoa rangi na kutu itaanzia hapo. Maji yakikaa ndani ya mlango yanaoza ule mshono wa chini na mashine ya kioo pia inaanza kuharibika.

Kutafuta yanapoingilia, kausha kabisa kwanza, nyanyua kapeti, toa sponji ya chini yake maana inashika maji kwa wiki nzima na itakudanganya. Nyunyiza poda ya mtoto au unga wa chaki ndani ya kizingiti, kwenye ukingo wa mlango na chini ya dashibodi. Mtu akae ndani na tochi. Wewe nje na hosipaipu isiyo na presha, maji yanatiririka tu, unaanza CHINI na kupanda juu, dakika tano kila sehemu. Ukianza juu maji yatashuka yalowanishe kila kitu na hutajua lolote. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiitumie kwa kipimo hiki, inapenya hata raba nzima. Poda itachora mstari pale maji yanapopita, ufuate mstari kwenda juu mpaka chanzo.

Na saa nyingine mstari hauendi mlangoni. Unaenda chini ya kioo cha mbele, au kwenye mfereji ulio chini ya waipa uliojaa majani, au kwenye bomba la kutolea maji ya eisi lililoziba, hilo utalijua kwa sababu linalowesha hata siku ya jua ukiwa umewasha eisi. Ukiona umajimaji una utelezi na harufu tamu, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini) ya hita, habari nyingine kabisa. Kwenye MX-5 za mwanzo, za 1989 mpaka 1997, maji ya paa yanapita kwenye mifereji iliyo nyuma ya viti, ikiziba maji yanajaa na kuingia ndani, na wenye gari wanalaumu raba za vioo bure.

Kama sasa mstari umeenda moja kwa moja kwenye raba, angalia ni ipi. Maji yakiingia juu na kudondokea kwenye paja ni raba ya juu au mlalo wa kioo. Yakishukia kona ya mbele karibu na spika ya dashibodi ni kona ya nguzo au kitako cha sai mirror. Yakiingia chini kwenye kizingiti huku nailoni ni nzima, hiyo ni raba kubwa ya mlango, mara nyingi pale miisho yake miwili inapoungana.

Kioo kinapanda kwa shida au kinapanda kimepinda

Huyu ni raba ya reli, lakini mpime kwanza. Fungua paneli, kitoe kioo kwenye mashine yake (kishikilie juu kwa tepu imara inayopita juu ya mlango pande zote mbili, au mtu akishike, kisidondoke), halafu endesha mashine ikiwa tupu. Ikienda kasi na laini, tatizo ni msuguano, raba ya reli imekauka, manyoya yameisha au imejaa mchanga. Ikienda polepole vilevile hata bila kioo, tatizo ni mota, grisi iliyoganda kama nta, au umeme. Umeme upime ukiwa umebonyeza swichi, pale kwenye plagi ya mota, injini ikiwa inawaka: betri ikichajiwa inatoa kama volti 13.5 mpaka 14.5, ukikuta pale mlangoni zinafika 10 tu, zinapotelea kwenye swichi, kwenye waya zinazopinda kwenye bawaba, au kwenye ethi. Swichi za zamani zinaungua vichwani, umeme wote wa mota unapita humo.

Kioo kikipanda na kuinama mbele kama pua imetangulia, angalia vitufe vya plastiki na viroli vinavyoshika kioo kwenye mashine, vikipasuka kioo kinashikwa upande mmoja tu. Kukilazimisha ndo kunang'oa raba ya reli kutoka kwenye mfereji wake, utaikuta imejikunja kama akodioni kule chini. Raba iliyojikunja hivyo ukiirudisha itatoka tena kama hujaondoa kilichoiinamisha.

Ikiwa manyoya bado yapo na ni uchafu tu, osha mfereji kwa maji ya sabuni na mswaki mwembamba, ikauke, halafu silikoni ya kupuliza kidogo. Mafuta ya injini, grisi ya kawaida na vaselini havitakiwi humo. Raba nyingi za magari kuanzia miaka ya 70 na 80 ni EPDM, aina ya raba ya kiwandani, inavumilia jua na mvua vizuri lakini mafuta yanayotokana na petroli yanaivimbisha na kuilainisha, leo itateleza, baada ya miezi imekuwa kama ubani uliotafunwa. Na silikoni nayo ina adabu zake, kama gari inakaribia kupigwa rangi usiipulize, ikigusa bodi rangi itakataa kushika na kutoa vidoa kama macho ya samaki.

Michirizi ya wima kwenye kioo

Manyoya ya raba ya kiuno yameisha na chuma cha ndani kinagusa kioo, au mchanga umejibanza humo. Acha kukishusha kioo kuanzia leo mpaka ubadilishe, basi. Michirizi midogo ambayo ukucha haukwami inapunguzwa kwa poda ya seriamu (ya kung'arishia vioo) na polishi ya taratibu, ila ile inayokwamisha ukucha itabaki, usidanganywe. Hivyo vioo vya pembeni ni vioo vilivyopikwa, yaani vilivyokomazwa kwa joto, ukivisaga sana picha inapinda.

Kinagongagonga kikiwa nusu

Shusha nusu, kishike juu, kisukume ndani na nje. Kikicheza na kugonga kama jino bovu, raba mbili za kiuno hazikibani tena, au vile vipande vya kitambaa kigumu vinavyokishikilia ndani ya mlango vimeanguka (mara nyingi utavikuta chini ya mlango, ndo vimeziba tundu la maji). Kama kinagonga hata kikiwa kimepanda mwisho, basi ni vizuizi vya juu (vile vinavyokisimamisha kioo kikifika mwisho) au mlalo. Raba za kiuno badilisha ya nje na ya ndani pamoja, tafadhali, ukibadilisha moja ile mpya inakisukuma kioo kuelekea ile iliyokufa na kioo kinapanda nje ya njia yake.

Sasa umethibitisha ni raba, unanunua nini

Kata kipande kidogo cha raba ya zamani kwa wembe, kipake wino wa muhuri kwenye uso uliokatwa, kigonge kwenye karatasi. Hiyo picha ya umbo ndo utakayolinganisha na ya muuzaji: kipenyo cha tumbo, upana wa kitako, na kinashikaje, kwa chuma cha U, kwa vipini vya plastiki au kwa gundi tu. Tofauti ya milimita mbili kwenye tumbo la sponji inatosha mlango kukataa kufunga. Kwa raba kubwa ya mlango iliyonyooka, ya kukata kwa mita inaweza kufanya kazi ukipata umbo lilelile, lakini raba ya juu ya gari isiyo na fremu ina kona zilizofinyangwa, usijaribu kuzitengeneza kwa kukunja, tafuta iliyotengenezwa kwa gari yako.

Na usivutwe na raba ya kiwandani iliyokaa kwenye boksi miaka thelathini eti haijatumika. Raba inazeeka hata stoo, hewa tu inatosha. Ibonyeze, ikunje, ikionyesha nyufa ndogo kwenye mkunjo au haijirudii haraka, iliyotengenezwa upya mwaka jana na kampuni nyingine ni bora kuliko hiyo.

Kuitoa na kuifunga

Raba ya kiuno ya nje ndo inayovunja watu moyo. Ina uti wa bati au alumini ndani, ukiuvuta nje ukapinda haunyooki tena, kwa hiyo kama unataka kuihifadhi inyanyue kwa kwenda JUU, kidogo kidogo kuanzia mwisho mmoja. Kioo chini kabisa, paneli imetoka, tepu kwenye rangi yote iliyo karibu. Tafuta skrubu mwishoni, ukingo wa nyuma wa mlango, mara nyingi ipo moja imejificha, baada ya hapo ni klipu na kwenye baadhi ya gari ni riveti za kutobolewa kwa drili. Tumia vipande vya plastiki kunyanyulia, bisibisi iweke mbali na ukingo wa kioo, kioo kilichopikwa kina nguvu katikati ila ukikigonga ukingo kwa chuma kinamwagika chote chembechembe. Miwani vaa.

Raba ikitoka angalia ule ukingo wa bati. Karibu kila mara kuna kutu pale klipu zilipokuwa zinasugua. Piga msasa, dawa ya kutu, praima, rangi, subiri ikauke vizuri. Raba mpya juu ya kutu ni kazi ya msimu mmoja, kutu inavimba, inainyanyua, na maji yanakaa chini yake.

Ya ndani kwenye paneli nyingi imepigwa pini kama za stepla. Zikwanyue kwa plaiya, na ukifunga mpya angalia urefu wa pini au skrubu zisije zikatokeza upande wa pili wa paneli.

Raba ya reli ilowanishe kwa maji ya sabuni, ingiza kona kwanza, halafu miguu yake, isukume kwa kidole na kipande cha plastiki mpaka ikae chini ya mfereji. Ukiikata iachie ziada ya milimita tano, usiivute ili ifike. Hili linahusu raba zote: usivute. Raba iliyovutwa siku ya kufunga inarudi urefu wake ndani ya wiki chache na pengo linafunguka kona. Badala yake isukume kama unaijaza, iwe imebanana kidogo.

Raba kubwa ya mlango ikiwa imekuja imekunjwa kwenye boksi ilaze mahali penye joto siku nzima, au iloweke maji ya moto ya kuvumilika mkono, mikunjo itoke. Anzia kona ya juu, shuka pande zote, miisho ikutane chini katikati ya kizingiti, sio kwenye kona. Kama ni ya chuma cha U na imelegea kwenye ukingo, ibane kidogo kwa plaiya iliyovishwa kitambaa kabla hujaiweka. Vile vitundu vidogo kwenye tumbo la sponji ni vya kupumulia mlango ukifungwa, usivizibe kwa gundi.

Gundi ni ile ya raba za magari, inapakwa pande zote mbili, nyembamba, unasubiri mpaka ukiigusa kwa kidole inanata lakini haifuati kidole, ndo unagandamiza. Hakuna kusogeza baada ya hapo kwa hiyo jaribu kukavu kwanza bila gundi, uweke alama za tepu. Gundi ya haraka ya matone itumie kuunganisha miisho miwili tu. Na naomba sana, silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki usiipeleke kwenye gari, ile asidi yake inakula bati, na ukishaipaka hakuna gundi nyingine itakayoshika hapo mpaka uisage yote. Nimesafisha mlango uliozibwa hivyo, jioni tatu.

Umefunga mpya na mlango haufungi

Mara nyingi ni kawaida, sponji mpya ina ubishi. Ila pima: shusha kioo cha upande wa pili, funga mlango. Ukifunga kirahisi, kilichokuwa kinakataa ni hewa iliyofungiwa ndani, raba yako haina neno. Ukiendelea kukataa, rudi na karatasi, zunguka, tafuta panapokata karatasi. Upande wa bawaba ndo wa kwanza kuangalia, pale raba inasukumwa kwa pembeni badala ya kuminywa, inajikunja, na kila ukifunga unaichana. Kama umbo ni sahihi na haijajikunja, sogeza kile chuma cha kitasa nje milimita moja, acha mlango umefungwa usiku kucha na kioo kimepanda, rudia siku kadhaa. Usikate raba.

Kwenye gari isiyo na fremu, raba mpya ya juu ni nene kuliko ile iliyolala, kwa hiyo ule mlalo wa kioo uliouseti kwa raba mzee sasa umezidi. Kioo kitagonga raba kwa ukingo na kuikunja kwenda juu kila ukifunga, na mpya inaweza kuchanika wiki ya kwanza. Legeza boliti za chini, egemeza nje, nusu mzunguko kwa mara moja, funga taratibu huku unaangalia: kioo kinatakiwa kiingie kwenye mdomo wa raba kwa uso wake bapa. Paka chaki kwenye ukingo wa juu wa kioo, funga, fungua, mstari wa chaki kwenye raba uwe wa upana mmoja kuanzia mbele hadi nyuma. Ukipata mstari huo kaza boliti, halafu panga vizuizi vya juu ili kioo kisipande zaidi ya hapo.

Baada ya wiki mbili hivi raba ikishazoea, rudia chaki na karatasi, kile chuma cha kitasa ulichokisogeza nje kirudishe ndani kwenye alama yako, na hosipaipu tena kuanzia chini.